Vidonge Alivyomgawia Pisila

Shangazi Vaisioa haombi kitu. Hukitaja tu, na kikishatajwa ni chake. Ndivyo tulivyo sisi Watonga wa visiwani, hata tukihamia Auckland na kuvaa makoti: dada wa baba ni mkubwa kuliko baba mwenyewe, na watoto wa kaka yake hawana mlango wa kumfungia. Kwetu ameshataja majamvi mawili aliyonisukia mama, nguruwe wa harusi yangu, na televisheni wakati mpira bado unachezwa. Haloti, mume wangu, aliichomoa mwenyewe ukutani, akambebea hadi kwenye gari, akamshukuru. Mimi nimeolewa tu katika ukoo huu, nimetoka kisiwa cha Vava'u, kwa hiyo nina ruhusa ya kukasirika. Wenye damu hawana.

Habari hii ni ya wifi yangu Lesieli, dada wa Haloti, na ya kitu ambacho shangazi alikitaja mezani kwetu Jumapili moja baada ya ibada. Nitakifikia. Kwanza mjue aliyetajiwa ni mtu wa namna gani.

Lesieli ana miaka thelathini na minne. Hajaolewa. Anafua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee, na kanisani ndiye anayeishikilia sauti ya pili ya kina mama. Asipokuwepo, wenzake wote wanateleza. Ni mcheshi wa kimya kimya: anakuchoma neno, kisha anatazama pembeni kana kwamba si yeye. Miaka mitano iliyopita vidole vyake vilianza kuvimba. Halafu wekundu ukamtokea usoni, shavu hadi shavu kupitia puani, nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo, na jua likawa adui yake. Akaanza kutembea na mwavuli mchana kweupe. Wanawake wa kanisani wakasema anatunza ngozi apate mume.

"Waache," akaniambia. "Wakijua ni ugonjwa wataniletea majani ya kuchemsha, na hayo majani ni machungu kuliko maneno yao."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa lupus. Daktari Ranasinghe alitueleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humgeukia mwenyewe na kuanza kumla. "Mbwa wa kulinda nyumba kamng'ata mwenye nyumba," nikasema. Daktari akacheka. Lesieli hakucheka, kwa sababu wakati huo mbwa alikuwa ameshafika kwenye figo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza hospitali, maana kaka yake hawezi. Kwetu kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawalali chini ya paa moja, wala hawazungumzi habari za mwili. Ndiyo sababu mimi na Haloti tunalala gereji na Lesieli analala ndani ya nyumba. Haloti hutupeleka hadi maegesho ya hospitali, anabaki ndani ya gari, na tukirudi hunisubiri tuwe peke yetu ndipo aulize, "Yule wa nyumba ya mbele anaendeleaje?" Nami humjibu huku nikitazama dirishani, ili neno figo lisimwangukie usoni.

Siku moja Lesieli alitakiwa kukusanya mkojo wa kutwa nzima kwenye dumu, na dumu likae penye baridi. Nikaliweka kwenye friji, nyuma ya juisi. Haloti alipojua, hakuligusa friji mpaka dumu lilipoondoka, na hata lilipoondoka alinituma mimi nimchukulie maziwa. Mimi na Lesieli tulicheka hadi tukashika mbavu. Lakini majibu ya maabara hayakuchekesha. Protini ilikuwa ikivuja kwenye ule mkojo kwa wingi. Figo zikiendelea kuvuja hivyo, mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu, na hapa mtaani kwetu Mangere hakuna asiyemjua mtu wa mashine. Baba yao Lesieli na Haloti alikaa nayo miaka miwili, halafu tukamzika. Tangu siku ya majibu hayo wifi yangu alianza kulala vibaya, na mimi pia.

Ndipo daktari alipomwambia juu ya utafiti. Kulikuwa na dawa mpya ya lupus iliyokuwa inajaribiwa kwa wagonjwa wa nchi nyingi. Kila anayeingia angeendelea na dawa zake za zamani, tena zingeongezwa kidogo, na juu yake angepewa vidonge viwili kwa siku. Nusu ya watu wangepata dawa ya kweli. Nusu wangepata vidonge vitupu, vya unga tu, vyenye rangi na umbo lile lile. Hakuna ambaye angejua nani kapata vipi: si mgonjwa, si nesi, si daktari mwenyewe. Siri ilikaa kwa watu wengine, ng'ambo.

"Sasa vitupu vya nini?" nikauliza. "Mtu anaumwa, unampa unga?"

"Tusipofanya hivyo tutajidanganya," daktari akasema. "Lupus inapanda na kushuka yenyewe. Mtu akipata nafuu tutasema ni dawa, kumbe wala."

Sikuridhika, lakini Lesieli aliridhika. Nesi wa utafiti, mzungu mmoja mpole aitwaye Hilary, akamuuliza maswali mengi: sigara, pombe, mume. Akamwonya kwamba asishike mimba kabisa, kwa kuwa dawa ya kweli ilikuwa inaharibu mtoto tumboni. "Kwa hilo usihofu," Lesieli akamwambia. "Labda ashuke Roho Mtakatifu." Hilary akawa mwekundu kuliko mgonjwa wake.

Kila mwezi walimtoa damu, vichupa vingi mpaka nikawa naona wanamkamua. Siku moja Hilary alituonyesha maabara. Vichupa viliwekwa kwenye mashine, vikazungushwa kwa kasi, vikatoka vimejitenga: nyekundu chini, majimaji ya manjano juu. Yale ya manjano yakaingia kwenye friza lenye baridi ya kuunguza mkono. Lesieli alikitazama kichupa chake kwa muda mrefu.

"Humo ndani hamuwezi kuona kama ninakunywa ya kweli?"

"Wanaoweza kuona hawaruhusiwi kutuambia," Hilary akajibu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya neema. Uvimbe wa miguu ulinywea, uso ukatulia, protini ikashuka. Lesieli akarudi kwenye kwaya, na sauti ya pili ikasimama wima. Sote tukakata shauri kwamba amepata ya kweli, daktari aseme asiseme. Mchungaji alishukuru mbele ya kanisa zima, na shangazi Vaisioa alikuwa ameketi safu ya mbele kabisa, amefungua masikio.

Shangazi ana mtoto mmoja tu, Pisila. Kwa hesabu zetu yeye na Lesieli ni ndugu kabisa, na kweli wanapendana kama ndugu. Pisila ni mdogo, mchangamfu, ameolewa, na naye ana lupus. Kwake ilikuwa imekamata viungo: vidole vilijikunja, asubuhi hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Alikuwa pia ameharibikiwa na mimba mbili, na ya pili ilimwacha hana hamu ya neno mtoto. Aliomba kuingia kwenye utafiti akakataliwa, eti figo zake ni nzima. Alirudi nyumbani analia kwamba amenyimwa dawa kwa kosa la uzima.

Basi Jumapili hiyo tumekaa, mezani kuna lū, nyama ya kopo iliyofungwa kwa majani ya magimbi, na viazi vikuu, shangazi amewekewa mwanzo wa chakula kama ilivyo haki yake. Akatafuna, akameza, akafuta midomo.

"Lesieli, vile vidonge vyako ni viwili kwa siku, sivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Pisila atakuwa anachukua kimoja."

Akarudi kwenye kiazi chake. Pisila akainamisha macho. Haloti, aliyekuwa kaketi mlangoni kabisa kwa heshima ya dada yake, akatoka nje kama mtu aliyesikia gari lake linaibwa. Mimi nikamvuta Lesieli jikoni.

"Wewe, umesikia alichosema?"

"Si niko na masikio."

"Mwambie hospitali wanavihesabu. Mwambie ni marufuku. Mwambie vina sumu, mwambie chochote!"

"Nimdanganye shangazi?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia akojoe madhabahuni. "Na Pisila je? Nile peke yangu, yeye ananitazama? Mdogo wangu yule, wifi."

Hapo ndipo watu wa hospitali na sisi tulipoachana njia, na wala wao hawakujua. Kwao vidonge vilikuwa vya mgonjwa mmoja. Kwetu kitu kizuri kikiingia nyumbani, anayekila peke yake ni mchawi au mwendawazimu. Lesieli hakutoa kwa sababu ya woga tu, ingawa woga ulikuwepo. Alitoa kwa sababu angeona haya kukataa. Alimwambia Pisila sharti moja tu, mimi nikisikia: usishike mimba. Pisila akacheka kicheko kibaya. "Mimi? Mimba na mimi tulishaagana, dada."

Vidole vya Pisila vikanyooka. Naapa, nilimwona kwa macho yangu akisuka nywele za watoto wa jirani. Shangazi akatembea kanisani kama aliyeigundua dawa yeye. Na Lesieli akaanza kurudi nyuma.

Mwanzo ilikuwa soksi tu, kuacha alama kwenye vifundo. Halafu akaniita chooni nitazame: mkojo una povu, kama maji ya kufulia. Maabara ikasema protini imepanda. Mwezi uliofuata ikapanda zaidi. Hilary alipokea chupa tupu za vidonge, akavikuta vyote vimekwisha kwa wakati wake, akamsifu. "Lesieli, wewe ndiye mshiriki wangu mwaminifu kuliko wote." Wifi yangu akatazama sakafu. Mimi nikatamani kumziba yule mama wa watu mdomo.

Wakamchoma sindano mgongoni, wakatoa kinyama cha figo chembamba kama uzi wa ukindu, wakakipeleka chini ya hadubini. Makovu yalikuwa yameanza. Daktari Ranasinghe alikuwa amekunja uso. Alisema haelewi, labda dawa haimfai, labda hakupata ya kweli, na kwamba tusubiri mwezi mmoja kabla ya kuamua. Njiani kwenda kwenye gari nilimwambia wifi yangu maneno makali. Nilimwambia anajiua kwa adabu.

"Sema tu kwamba unakunywa nusu! Wataelewa!"

"Nikisema, watamfuata Pisila, watamfuata shangazi, jina la baba litaburutwa mpaka hospitali. Acha kwanza. Huenda zikatulia."

Hazikutulia. Usiku nilikuwa nikisikia bomba la choo likifunguliwa ndani ya nyumba, nami nimelala gereji macho makavu, nikijua anatazama povu. Haloti naye alikuwa macho. Aliyatega tu masikio kama mimi.

Jumamosi moja kina mama tulikuwa ukumbi wa kanisa tunagandisha ngatu, ile nguo yetu ya magome, kwa ajili ya harusi ya mtoto wa mchungaji. Tumekaa pande mbili za ubao mrefu, kila mtu na uji wake wa muhogo wa kupaka. Pisila alikuwa mkabala na mimi. Akapaka, akanusa uji, akasimama ghafla, akakimbilia nje. Aliporudi anafuta mdomo, mama mmoja mtani akapaza sauti: "Pisila! Uji wa gundi unakutapisha, au kuna mtu humo ndani anaukataa?"

Nilitegemea atakanusha. Akaficha uso kwa viganja, na mabega yakamtikisika kwa kucheka. "Miezi mitatu," akasema. "Sikutaka kusema mpaka ipite ile wiki zilipoharibika zile mbili. Imepita!"

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Shangazi Vaisioa akasimama akacheza, na umri wake ule na miguu yake ile. Mimi nikamtafuta Lesieli. Alikuwa amekaa na brashi mkononi, uji unamdondokea mapajani, rangi ya uso imemtoka kabisa.

Tulimfuata Pisila hadi vyooni. Lesieli akafunga mlango.

"Unavinywa mpaka leo?"

Kicheko kikafa kwenye uso wa Pisila. "Nilivyojua nina mimba niliacha. Lakini nilichelewa kujua. Nilidhani ni tumbo tu." Halafu sauti yake ikawa ndogo. "Nimekuwa nikijiambia kimoja kwa siku si kitu. Si ni kimoja tu, dada? Eti?"

Mlango ukasukumwa, shangazi akaingia bado anahema kwa ngoma, akatutazama mmoja mmoja. Akaambiwa. Nilimwona mwanamke yule, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, akifungua mdomo na kuufunga.

"Mbona hamkuniambia kwamba ina madhara?"

"Hukuuliza, shangazi," akasema Lesieli. Hakusema kwa jeuri, lakini alisema, na katika ukoo huu neno hilo lilikuwa zito kuliko kofi. "Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Sote. Mimi ndiye nitakayesema."

Jumatatu Haloti alitupeleka bila kuuliza ni kwa nini tumejaa. Shangazi alikuwa amepakata ndoo ya chakula, maana kwetu hatuendi hospitali mikono mitupu, hata tukienda kuungama. Mara tu Lesieli alipofungua kinywa na Hilary akaelewa mjamzito ni yupi, alimchukua Pisila akampeleka ghorofa nyingine akapigwe picha ya tumbo. Tukabaki watatu mbele ya daktari. Lesieli akasema yote, mikono imelala mapajani. Daktari hakupayuka. Ningependa angepayuka.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mliniuliza sigara, mkaniuliza pombe, mkaniuliza mume," Lesieli akasema. "Hamkuniuliza kama nina shangazi."

Daktari Ranasinghe akajishika paji la uso. Kisha akatueleza taratibu, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu yaliniingia kama baridi. Alisema kwa hatari kama hii anaruhusiwa kuwapigia wale wa ng'ambo waifungue siri. Ikifunguliwa, Lesieli ametoka kwenye utafiti na harudi tena.

"Kama vilikuwa vya kweli," akasema, "mtoto wa Pisila yuko hatarini sana. Lakini kwako, Lesieli, itakuwa na maana kwamba figo zimerudi nyuma kwa sababu ya nusu dozi, na dawa inakufaa. Nitapigana upewe kwa njia nyingine. Kama vilikuwa vitupu, mtoto hakuguswa." Akasogeza kiti karibu. "Ila hapo itakuwa na maana kwamba ugonjwa umezishinda dawa zako zote ulizo nazo. Itabaki dawa kali zaidi, ya dripu. Na ikishindwa hiyo, unajua."

Lesieli alijua. Ndiye aliyemuuguza baba yake.

"Fungua," akasema.

Tukasubiri kwenye korido. Saa za ng'ambo si za kwetu, mtu fulani alipaswa kuamshwa. Shangazi alikaa benchi la mbali na ndoo yake, akisali kwa midomo bila sauti. Manesi walipita. Kila mlango ulipofunguka, niliinuka nusu, nikaketi tena. Sitawaficha nilichokuwa nikiomba. Niliomba vidonge viwe vya kweli. Nilikuwa nimeshamfulia wifi yangu shuka lenye damu ya sindano, nilikuwa nimemwona baba mkwe kwenye ile mashine. Niliomba, kisha nikatambua ninachomwombea mtoto wa mtu, na nikaogopa kumalizia na amina.

"Unaomba nini?" Lesieli akaninong'oneza.

"Mapenzi ya Mungu yatimie."

"Muongo wewe."

"Haya, wewe unaomba nini?"

Akachezea mpini wa mwavuli wake. "Naomba vya kweli. Halafu namkumbuka Pisila alivyoziba uso akicheka, naomba vitupu. Halafu nakwenda chooni, naona povu, naomba vya kweli tena." Macho yalimjaa. "Naogopa, wifi. Sijawahi kuogopa hivi. Naliogopa jibu, na najiogopa mimi mwenyewe nitakavyolipokea."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, vidole vimevimba tena.

Daktari alipotuita tuliingia wawili. Alikuwa amesimama, na mtu akisimama kukusubiri unajua.

"Vilikuwa vitupu. Tangu siku ya kwanza."

Nikasikia mwenyewe nikiuliza, "Na ile nafuu yake?"

"Dawa za zamani. Tuliziongeza mwanzoni, zikamsaidia kwa muda. Sasa zimeshindwa."

"Na vidole vya Pisila?"

"Lupus hupumzika inapotaka. Na wakati mwingine mtu akiamini, mwili unamfuata kwa muda." Alisema kwa huruma, wala hakusema kwamba alishatuonya.

Lesieli aliuliza dripu itaanza lini. Jumatatu ijayo, akaambiwa. Akashukuru, kwa Kitonga kwanza, kisha akakumbuka akarudia kwa Kiingereza. Mlangoni alisimama kidogo, akavuta pumzi, akapangusa uso kwa ukingo wa blauzi.

Shangazi alikuwa ameshasimama. "Je?"

"Mtoto hakuguswa, shangazi. Vilikuwa unga tu."

Shangazi Vaisioa akainua mikono miwili na kuanza zaburi kwa sauti iliyowatoa manesi vyumbani. Aliimba mstari mzima. Katikati ya mstari wa pili sauti ikamkatika. Alikuwepo daktari alipoeleza, alisikia upande wa mtoto na upande wa pili. Akamtazama mtoto wa kaka yake kuanzia uso hadi vifundo vya miguu, na nikaona linamwingia.

Akaketi chini. Hakuketi kwenye benchi, aliketi sakafuni, juu ya vigae vya hospitali, miguuni pa Lesieli. Sijui nitawaelezaje. Shangazi wa ukoo hakai chini ya mtoto wa kaka yake, hata msibani, hata akiwa anakufa.

"Shangazi, inuka, tafadhali. Watu wanatazama."

"Watazame." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila kuyafuta. "Maisha yangu yote nimechukua kwenu. Leo sema wewe. Chochote kwangu, nyumba, ardhi ya Vaini kule visiwani, chochote. Sema."

Lesieli akachuchumaa hadi wakalingana. Akamsogezea mdomo sikioni, lakini nilikuwa karibu nikasikia.

"Pisila asijue upande wangu. Akijua hatamfurahia mtoto wake. Nataka hilo tu."

Shangazi akatikisa kichwa kukataa, kisha akakitikisa kukubali, kisha akajifunika uso kwa kanga ya kiunoni.

Lifti ikafunguka. Pisila alitoka mbio, mtu wa miezi mitatu anakimbia, na Hilary nyuma yake anamwambia polepole. Mkononi kashika kipande cha picha nyeusi na nyeupe.

"Moyo unadunda! Nimeuona, dudu, dudu, dudu! Mama, mbona umekaa chini?"

"Miguu imechoka," akasema shangazi.

"Na jibu?"

"Vilikuwa vitupu," Lesieli akamwambia. "Umekula unga bure, mjinga wewe."

Pisila akapiga ukelele, akamrukia, akamkumbatia hadi kofia ikamdondoka Lesieli na upara wake mdogo ukaonekana. Hakuna aliyejali. Alimbusu shavu hili na lile. Kisha akajitenga kidogo, amemshika mabega.

"Na wewe, dada? Wamesemaje juu yako?"

"Mimi napewa dawa nyingine, ya dripu. Ina nguvu kuliko hii ya utani. Jumatatu naanza."

"Ah! Basi sote tumepona!"

Nilitazama ukutani, kwa sababu sikujiamini. Shangazi alikuwa bado sakafuni, akiivuta kanga hadi machoni.

"Sote," Lesieli akamjibu, akaomba aione tena ile picha.